Waziri wa sheria aulizwe mbele ya kupewa wizara

Mwezi wa 6, 2024, wadepite 397 walikubali serikali ya Judith Suminwa kwa kura moja tu: mawaziri wote kwa furushi. Mwaka mmoja kisha, Bunge hilo hilo likaruhusu waziri wa sheria, Constant Mutamba, ashitakiwe juu ya dola milioni 19 za gereza la Kisangani. Akahukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu.

Sisi wenye kutafuta kazi, hata ya kuandika barua tu, tunaombwa diploma, mwenendo, mashahidi. Mwenye kukabiziwa sheria ya inchi nzima, yeye anaombwa nini?

Waheshimiwa wadepite, kila mwenye kutajwa mumuite mbele yenu, peke yake, raia wote wakisikia. Mumuulize mali yake, kesi zake, kazi alizofanya. Kura ya furushi, basi!