Mpiga Gitaa na Mawe Yetu



Tangu video za wanamuziki wakipiga kwenye matamasha ya Pride zianze kuzunguka katika simu zenu, tumesikia maneno mawili katika vikundi vyetu. La kwanza: Mkristo hapaswi kupiga gitaa kwenye sherehe ya wapenzi wa jinsia moja. La pili: anayepiga huko naye apigwe. Neno la kwanza laweza kujadiliwa kwa sala na kwa dhamiri. La pili halina nafasi kanisani, nasi tunalikataa bila kumung'unya maneno.

Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa ni wazi. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu ya Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba kwetu baraka hazitatolewa kwa wapenzi wa jinsia moja. Hatulifichi hilo. Lakini Katekisimu, namba 2358, inatuagiza kuwapokea watu hawa kwa heshima na huruma, na kuepuka kila ubaguzi usio wa haki. Naye Papa Fransisko, siku chache kabla ya kutua Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023, alisema kwamba hali yao si kosa la jinai, ingawa hakuacha kutaja suala la dhambi. Anayeshika fundisho moja na kulitupa la pili haitetei imani, anaikata vipande.

Tazameni jirani zetu wa Uganda. Sherehe yao ya kwanza ya Pride ilifanyika Entebbe, kando ya ziwa, Agosti 2012. Usiku wa tarehe 4 Agosti 2016 polisi walivamia klabu moja ya Kampala walimokusanyika watu wa sherehe hizo. Kijana mmoja aliruka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Tangu mwaka 2023 sheria ya nchi ile inatishia kifungo cha hadi miaka 20 kwa kosa la kuutangaza ushoga, hata mpiga ngoma anayealikwa kwenye jukwaa kama hilo ana sababu ya kuogopa. Tuulizane: yule kijana alipoanguka, ni ndoa gani ya Kikristo iliyoimarika?

Tena tuseme ukweli wa hapa Kolwezi. Wanamuziki wetu wana desturi ya kutupa libanga, yaani kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo kwa malipo. Kwa Kilingala neno hilo maana yake ni jiwe. Bendi hulitaja jina la tajiri wa madini, nasi tunacheza. Hatuulizi ni watoto gani walioosha mawe yaliyomtajirisha, wala ni wachimbaji wangapi waliofukiwa shimoni. Hakuna anayedai kwamba mpiga gitaa huyo apigwe. Uchungu wetu kwa utakatifu wa jukwaa huamka pale tu anapoimbiwa mnyonge.

Mtauliza: basi kila jukwaa ni halali? Hasha. Mwanamuziki anayeona kwamba mwaliko unapingana na imani yake na aukatae kwa adabu, hata kama mfuko ni mtupu. Huko ni kuitii dhamiri. Lakini kumtisha au kumpiga aliyeukubali ni kuivunja amri ya tano.

Katika Injili ya Yohana, sura ya nane, Yesu hakumwambia yule mwanamke kwamba hana dhambi. Alimwambia asitende dhambi tena, lakini baada ya wenye mawe kuondoka. Kwanza uhai wake uokolewe, kisha asikie ukweli. Utaratibu huo ndio wetu. Katika mji huu unaoishi kwa mawe, tujifunze kuyaweka chini.

Kwa tafakari ya kikundi: Ni nani katika parokia yetu anayeogopa kuja misani kwa sababu ya maneno yetu? Nasi tumecheza mara ngapi wimbo ulionunuliwa kwa jasho la watoto?