Tucheke, Lakini Kifungu cha 15 Kifutwe

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini wahenga hawakuishi Zaire ya miaka ya 1990.

Mwaka 1967, fedha iitwayo zaire ilipoanza kutumika katika nchi yetu ya Kongo, zaire moja ilipata dola 2 za Marekani. Mwaka 1993 ilitoka zaire mpya, na moja yake ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga, na moja yake ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Enyi wapenda hesabu, zidisheni! Faranga moja ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za kwanza. Aliyekuwa nayo mkononi mwaka 1998, kama angeweza kurudi nayo mwaka 1967, angehesabiwa dola bilioni 600, na mwenye duka angekosa chenji ya kumrudishia.

Sababu yake haikuwa uchawi. Migodi ya shaba, ambayo ilikuwa mfuko wa serikali, ilidhoofika. Sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka mwaka 1990. Matumizi hayakupunguzwa, na pengo likazibwa kwa kuchapa noti. Noti zikiongezeka na bidhaa zikabaki zile zile, bei haina budi kupanda. Watu walipotambua hayo, hakuna aliyetaka kulala na noti nyumbani. Kila mmoja alikimbilia sokoni, na mbio hizo zikazidi kupandisha bei.

Wazee wetu walicheka. Noti kubwa zilizotoka wakati Rais Mobutu alipokuwa akiugua tezi dume, watu waliziita "prostati", kwa jina la ugonjwa wenyewe. Siwalaumu. Aliyenyang'anywa akiba yake yote asinyang'anywe na kicheko.

Lakini kichekesho kimoja nakishitaki mbele yenu, wasomaji. Nacho ni Kifungu cha 15, kisemacho: "Jitafutieni!" Hutaona katiba ya nchi yetu yenye kifungu cha namna hiyo, ni mzaha wa tangu miaka ya 1960. Mama aliyeuza maandazi ili watoto wasilale njaa alikitaja kwa haki, kwa maana alijitafutia bila kumpunguzia mtu. Leo zaire imekwisha kufa, lakini kifungu chake kinaishi. Karani akitaka "kidogo" kabla ya kugonga muhuri, hukitaja. Na mwanafunzi anayenunua majibu ya mtihani, naye hukitaja, na wenzake hucheka.

Ndugu zangu, huyo ameanzisha kiwanda cha noti. Cheti kisicho na elimu ni sawa na noti isiyo na bidhaa. Vikiwa vichache, havitambuliwi; vikiwa vingi, mwenye kazi hataviamini tena, na cheti cha yule aliyekesha na kitabu kitashuka thamani pamoja na vile vya uongo. Hivyo ndivyo noti ya mkulima aliyetoka jasho ilivyoshuka pamoja na zile zilizochapwa usiku.

Najua nitajibiwa: "Mwenye njaa afanyeje?" Nasema, tuangalie wale waliokuwa na njaa zaidi yetu. Mishahara ya walimu iliyeyuka katika miaka ile hata wazazi wakaanza kuwachangia; hata hivyo wako walimu walioendelea kushika chaki, nao ndio waliowafundisha baba zetu kusoma. Watu wa Kasai nao waliikataa zaire mpya mwaka 1993, wakaendelea kutumia noti za zamani, zilizochakaa, ambazo hakuna aliyeweza kuwaongezea. Walikubaliana kuziamini, na zikawafaa. Basi thamani haikai katika karatasi. Hukaa katika uaminifu wa watu.

Ninyi kaka zetu mliotutangulia, mkija kututembelea, msiache kutusimulia vichekesho vya noti zile; twavipenda mno. Lakini tusimulieni pia habari za mwalimu yule aliyeshika chaki. Nasi tulio darasani, Mtihani wa Serikali unakaribia. Mtu akikunong'onezea Kifungu cha 15, mwulize kwa upole: cheti chako unataka kiwe cha dola 2, au kiwe prostati?

Mwanafunzi wa mwaka wa sita