Malori ya kemikali Mikumi: Aliyevuta moshi anafuatiliwa mpaka lini?

Dereva akigonga swala ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, analipa. Mabango yapo pembeni mwa barabara, kila mnyama na faini yake. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakatiza hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50.

Sasa, lori la kemikali likianguka na watu wakavuta moshi wake, wanafuatiliwa kwa muda gani? Siku tatu za wodini? Swali hili lina uzito, kwa sababu mapafu yaliyounguzwa na sumu yanaweza kuendelea kuishi kwenye dharura hata miaka 20 baada ya tukio.

Njia hii inalisha migodi ya shaba na kobalti ya Zambia na Kongo. Salfa inashushwa bandarini Dar, inapakiwa kwenye malori, inakwenda kutengenezewa asidi ya kuyeyushia madini. Mikumi, mji mdogo ulio ndani ya Wilaya ya Kilosa, ni mahali pa kupumzika: madereva wanalala, mama lishe wanapika, bodaboda wanasubiri abiria. Ni njia panda pia, huku Kilosa mjini, huku Kidatu na Ifakara.

Salfa ikiwa imetulia haina makuu. Wakulima wa korosho kule Mtwara wanaipuliza kwenye mikorosho kila msimu. Ikishika moto ni habari nyingine: inatoa dayoksaidi ya salfa, gesi inayokaba koo, na ikikutana na unyevu wa njia ya hewa inageuka asidi.

Na watu wetu lori likianguka huwa hawakimbii, wanasogea. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka huku wengine wakichota petroli. Ule ulikuwa moto wa mafuta, si gesi ya sumu, lakini ni barabara hii hii na mazoea ni yale yale.

Ushahidi mzito kuhusu mapafu unatoka vitani. Juni 28, 1987, ndege za Iraq ziliangusha mabomu ya gesi ya haradali kwenye Sardasht, mji wa raia wa kawaida kaskazini magharibi mwa Iran. Miaka 20 baadaye watafiti walirudi, wakawapima wanaume karibu 500, wakiwemo wa mji jirani wa Rabat ambao hawakuvuta gesi, ili kulinganisha. Wengi wa waliovuta walikuwa bado wanakohoa na kuishiwa pumzi.

Watafiti wengine Iran walichukua vipande vidogo vya mapafu ya majeruhi wa vita hiyo wakachunguza jeni. Hapa panahitaji maelezo kidogo. Kila seli ya mwili wako ina vinasaba vile vile. Tofauti ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Pafu likiumia, jeni za ulinzi na ukarabati zinawashwa. Kidonda kikipona, zinatakiwa zipoe. Kwa majeruhi wale, zaidi ya miaka 20 baadaye, baadhi ya jeni zinazohusika na kupambana na uharibifu wa kioksidishaji zilikuwa bado haziko sawa na za watu wasiovuta gesi. Yaani vita imeisha, seli hazijapata taarifa.

Tusichanganye mambo. Gesi ya haradali si moshi wa salfa. Ina salfa ndani yake, lakini inashambulia vinasaba moja kwa moja, na ni silaha. Vilevile tafiti za jeni zilihusu wagonjwa wachache, na ni vigumu kujua kama jeni ndizo zinazoleta ugonjwa au ugonjwa usiokoma ndio unaozivuruga jeni. Hakuna anayeweza kumwambia utingo wa Mikumi kwamba jeni zake zimebadilika.

Lakini tangu 1985 madaktari wameeleza hali inayofanana na pumu inayoweza kumpata mtu mzima baada ya kuvuta gesi kali mara moja tu. Hiyo haihitaji bomu.

Sardasht inajulikana kwa sababu Iran ilikuwa na majina. Iliwaandikisha majeruhi, ikawapa matibabu, na wanasayansi walipotaka kuuliza maswali walijua pa kuwapata. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayogusa pia usafirishaji. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Hayo si haba. Ila mfuko ni wa mfanyakazi aliyeajiriwa. Mama lishe aliyekuwa mita 50 kutoka kwenye moshi hana mwajiri. Akianza kukohoa mwaka ujao, atathibitisha vipi kilichomfikisha hapo?

Maabara ya jeni si kipaumbele kwa sasa. Daftari linatosha kuanzia: jina, kemikali gani, alikuwa umbali gani, simu yake, halafu aitwe baada ya miezi sita apulize kwenye kipimo cha pumzi.

Kuna wanaosema reli itapunguza tatizo. SGR inapita Kilosa kweli, lakini inaelekea Dodoma, si Zambia. Mzigo wa shaba ni wa TAZARA, na hadi hiyo ifufuke sawasawa, malori yataendelea kulala Mikumi.

Kwa hiyo, ukikuta lori la kemikali limeanguka, kaa upande upepo unakotoka, na mbali. Tafuta kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, kama kipo. Ya chini ndiyo inayotaja kemikali: 1350 ni salfa, 1017 ni klorini. Kipige picha kwa kuvuta kamera, usisogee. Ukienda hospitali, omba namba hiyo iandikwe kwenye kadi yako, na kadi usiitupe.