Tumpokee Zamu Anayeuguza

Mtu akifiwa, hapa kwetu hana haja ya kuomba. Kabla jua halijazama turubai limeshafungwa, majirani wameleta masufuria, daftari la rambirambi liko mezani, na yuko mtu anayejua nani apike leo na nani achote maji kesho. Lakini mke ambaye mumewe amepata kiharusi, au amevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda na hawezi tena kujigeuza kitandani, hapati hata nusu ya mpango huo. Wiki za kwanza watu humiminika na machungwa na maziwa, wakampa pole na kumwombea dua. Mwezi wa tatu hupiga simu. Mwaka wa pili yuko peke yake na mgonjwa wake. Jamii inayojua kugawana kazi katika msiba wa siku tatu haina udhuru wa kushindwa kupanga zamu katika nyumba yenye ugonjwa wa miaka kumi. Na msaada wa kwanza anaouhitaji mwenye kuuguza ni saa za kupumzika, kabla hata ya fedha.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaisifu bila kuijua. Mtu aliyepooza akilazwa upande mmoja kwa muda mrefu, uzito wake hubana nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na ngozi huanza kufa. Ndiyo maana wauguzi hufundisha kwamba ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Basi anayeuguza huamka saa sita, saa nane, saa kumi. Humvuta mgonjwa kwa shuka, huweka mto katikati ya magoti, huinua visigino visiguse godoro, kisha humulika kwa tochi ya simu kiunoni na kwenye nyonga kutazama kama ngozi imebadilika rangi. Akikuta shuka limelowa huanza upya: maji ya uvuguvugu, kumfuta, kumkausha, kutandika tena. Kukipambazuka kuna kulisha polepole asije akapaliwa, dawa za presha, kumnyoosha viungo visikakamae, na kama ana mpira wa mkojo, kumwaga mfuko na kuutunza usafi wake. Anayelala kwa vipande hivyo miaka nenda miaka rudi, mgongo wake huharibika kwa kuinua, mwili huchoka, na hasira huwa karibu. Siku atakapoanguka yeye, mgonjwa hana wa kumgeuza. Kwa hiyo kumpumzisha anayeuguza ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa, sawasawa na vidonge vyake.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jukumu la mke, kwani ndoa ni ya shida na raha, na kumtafutia wasaidizi ni kumfundisha kukimbia. Ni kweli ni jukumu lake, na wengi wanaouguza hawaombi kuvuliwa. Lakini ndoa haikuwafuta kaka za mgonjwa, wala wanawe, wala shangazi zake. Ukoo ulioketi ukajadili posa na mahari unaweza kuketi tena ukajadili nani atalala kwake Ijumaa. Inasikitisha kwamba mara nyingi kikao kikiitishwa huwa ni cha kumkagua mke: kwa nini mgonjwa amekonda, na kwa nini yeye ameonekana sokoni amejipamba. Asiyewahi kumgeuza mgonjwa hata usiku mmoja hana haki ya kuuliza maswali hayo.

Pingamizi zito zaidi ni la sitara. Mume hataki kuonwa uchi na watoto wa kaka yake, na mke hataki siri za chumba chake zitembezwe mtaani. Hili lazima tuliheshimu. Mgonjwa amepooza viungo, hakupoteza haki ya kuamua nani amguse, na anayepanga zamu bila kumuuliza amemdhulumu. Hata hivyo kuogesha ni sehemu ndogo ya siku. Nani ataona haya kufua mashuka, kujaza madumu ya maji, kufuata dawa hospitali, au kukaa kando ya kitanda akimsomea mgonjwa gazeti wakati mkewe amelala chumba cha pili? Hata kwa kazi za sitara, kijana mmoja wa kiume anayeaminiwa na mgonjwa, akionyeshwa na muuguzi namna ya kumgeuza bila kumburuza, anatosha kumpokea mke usiku mara mbili kwa wiki.

Akiugua mke, mambo hugeuka. Mume hushauriwa upesi amrudishe kwao, au aoe mwingine. Anayekataa, akakoroga uji mwenyewe na kufua khanga zilizolowa, huchekwa kijiweni. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya kazi za kulea na kuuguza zisizolipwa duniani hufanywa na wanawake. Basi si ajabu mwanamume akifika utu uzima hajui hata kumlisha mgonjwa. Tukimcheka anapojifunza, tunamsukuma atoroke. Na zamu zisije zikaishia kwa binti wa miaka 13 aliyeachishwa shule.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali. Naam, nayo inadaiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataka katika kifungu cha 28 familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu zisaidiwe kwa mafunzo, ushauri, fedha, na huduma ya kumpumzisha anayeuguza. Kenya, kupitia mpango wake wa Inua Jamii, imekuwa ikizipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni hatua, ingawa hazifiki shilingi 70 kwa siku, na pampasi za mtu mzima peke yake zinaweza kuzimaliza. Nchini Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Lakini mkopo unataka mtu atoke akafanye biashara. Asiyeweza kutoka uani kwa nusu saa atauza lini? Fedha bila saa haimtoi mtu alipo. Tuidai serikali mafunzo na huduma hiyo ya mapumziko, tukijua pia kwamba saa nane ya usiku aliye karibu ni jirani.

Jumuiya ndogo ndogo, kamati ya msikiti, kikoba: kila kimoja kina mwenyekiti na daftari tayari. Kifungue ukurasa wa nyumba moja, na mtu mmoja asimamie zamu ili anayeuguza asiongezewe kazi ya kuomba. Zamu ziwe fupi lakini za uhakika. Anayeahidi saa mbili za Jumanne na akaja ni bora mara nyingi kuliko anayeahidi kutwa nzima asionekane. Na anayeuguza akishapokewa, asiulizwe anakwenda wapi. Akitaka kwenda ibadani aende, akitaka kulala kwa dada yake alale, na akitaka kusuka nywele akasuke.