Tumbusi wa Katavi ni Suala la Afya Yetu

Msafiri anayetoka Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike, yapata kilomita 35 kusini mwa mji, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wakati wa kiangazi, Mto Katuma unapopungua na viboko wakabanana kwa mamia katika madimbwi machache yaliyosalia, huonekana angani ndege wakubwa wakizunguka pasipo kupiga mbawa. Hao ni tumbusi, ambao wengi wetu huwaita tai kwa jumla. Huwatazama watu kwa kinyaa kwa sababu chakula chao ni mzoga, na wapo wanaoamini kuwa ndio wanaosambaza maradhi. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Tumbusi ni mshirika wa afya ya jamii, na sisi wahudumu wa afya, pamoja na wagonjwa wetu, tuna wajibu wa kumlinda.

Tuanze na mwenendo wake. Tumbusi mgongo-mweupe hautafuti mzoga kwa kunusa. Huutafuta kwa macho, akiwa juu sana. Tena hawatazami wanyama walio chini peke yao, bali huwatazama tumbusi wenzake. Mmoja akishuka, aliye mbali humwona na kumfuata, na wa mbali zaidi humfuata huyo, hata katika muda mfupi wakawa makumi kwa makumi mahali pamoja. Kundi kubwa laweza kumaliza nyama ya swala kabla ya saa moja kupita. Asidi ya tumbo lao ni kali mno, nayo huangamiza vimelea vingi ambavyo vingemdhuru mbwa au binadamu.

Huko Laikipia, nchini Kenya, watafiti walilinganisha mizoga iliyofikiwa na tumbusi na ile isiyofikiwa nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba pasipo tumbusi mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kuoza na kwisha, na wanyama wala nyama walikusanyika kwa wingi zaidi na kugusana zaidi. Mgusano wa namna hiyo ni mlango wa maambukizi.

Hata hivyo, ndege huyu huzaliana kwa mwendo wa polepole. Jike hutaga yai moja tu katika tundu la vijiti juu ya mti mrefu. Dume na jike hupokezana kulalia kwa takribani siku 56, kisha hulea kifaranga kwa miezi minne hivi kabla hajaruka. Kifaranga huyo naye huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mzazi mmoja akifa katikati ya malezi, kwa kawaida uzao wa mwaka huo hupotea. Ndiyo maana vifo vya siku moja huweza kufuta kazi ya miaka mingi. Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe aliwekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Kwa wale wanaodhani kuwa hayo ni mambo ya watalii, India imekwisha kutoa somo. Kuanzia miaka ya 1990, tumbusi wa huko walikufa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Kufikia mwaka 2007 aina moja ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistan walitangaza chanzo chake, nacho ni diklofenaki, dawa ile ile ya maumivu tunayoiandika kila siku katika zahanati zetu. Wafugaji waliwapa ng'ombe. Ng'ombe aliyekufa muda mfupi baada ya kupewa aliliwa na tumbusi. Nao wakafa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata nafasi. Utafiti wa kiuchumi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kuwa kati ya mwaka 2000 na 2005 kutoweka kwa ndege hao kulihusiana na vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000.

Hapa kwetu, chanzo kikuu cha vifo vya tumbusi ni sumu. Simba au fisi akiua ng'ombe, mwenye ng'ombe huweza kunyunyizia mzoga dawa ya kuulia wadudu wa mazao ili mnyama huyo akirudi afe. Tumbusi hufika kwanza. Mwezi Februari 2018, katika eneo la Ruaha, simba sita na tumbusi 74 walikutwa wamekufa. Kwa kuwa ndege hawa husafiri mamia ya kilomita, sumu iliyowekwa kijijini huweza kuua ndege aliyeatamia yai ndani ya hifadhi.

Simlaumu mfugaji bila kumsikiliza. Kwa familia inayotegemea ng'ombe, kupoteza mmoja ni kupoteza ada ya shule, mahari na akiba ya siku ya ugonjwa. Anayemwambia asitumie sumu hana budi kumwambia pia afanye nini: zizi imara la usiku, mchungaji mtu mzima, na taarifa ya mapema kwa maofisa wa wanyamapori. Lakini lazima aelezwe ukweli wote. Sumu hiyo haichagui. Humwua mbwa anayelinda zizi lake, na humwua mtoto anayeokota nyama asiyoijua.

Je, mhudumu wa afya anaingia wapi? Kwanza, kwenye kaunta ya duka la dawa muhimu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalithibitisha kwamba diklofenaki huua hata tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika. Basi mteja akiomba sindano za binadamu kwa ajili ya ng'ombe, jibu lifaalo ni kumwelekeza kwa ofisa mifugo, ambaye anaweza kumpatia dawa kama meloksikamu, iliyojaribiwa na kuonekana salama kwa tumbusi. Mgonjwa anayemeza diklofenaki kwa maumivu ya goti asiogope wala asiiache dawa yake. Yeye hamdhuru ndege yeyote. Hatari iko pale dawa inapohamia zizini.

Pili, katika elimu tunayotoa kila asubuhi kwa wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, na waathirika wengi ni watoto. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituoni siku hiyo hiyo apate chanjo, kwa maana dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Tuongeze maneno mawili: mbwa wachanjwe, na mizoga isitiwe sumu.

Tatu, tuseme wazi kwamba tumbusi hachukui nafasi ya mkaguzi wa nyama. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa damu puani au sehemu nyingine za wazi, ashukiwe kuwa na kimeta. Asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Ofisa mifugo aitwe asimamie kumchoma au kumfukia kwa kina, kwa sababu vijidudu vya kimeta huishi udongoni kwa miaka mingi.

Tumezoea kuhesabu vitanda, dawa na watumishi tunapopima afya ya mkoa wetu. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haijatimia. Kuna kazi inayofanyika juu ya Katuma bila mshahara wala bajeti, na siku itakapokoma, mzigo wake utahamia kwenye mlango wa zahanati: mtoto aliyeng'atwa, mama anayemsindikiza, na chanjo ambayo huenda haipo. Kinga ni bora kuliko tiba, na sehemu moja ya kinga hiyo iko angani.