Chipukizi Akosolewe, Asitukanwe
Majuzi, mtaani Kabiro, Kawangware, niliwasikiliza mashabiki wakibishana: je, chipukizi aliyevumishwa mno astahili lawama anapovurunda?

Nilimkumbuka Dennis Oliech. Mnamo 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alifunga bao la pekee lililoilaza Cape Verde na kuipeleka Harambee Stars Tunisia kwa fainali za Kombe la Afrika za 2004. Tangu hapo wengi wetu tulimdai bao kila mechi, ilhali mwaka huo wa 2004 FIFA iliisimamisha Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia uendeshaji wa soka, si kwa kosa la wachezaji.

Mwalimu mwema husahihisha insha, hamtusi mwanafunzi. Chipukizi naye akosolewe kwa pasi aliyoiharibu, wala asiadhibiwe kwa sifa tulizomvika sisi wenyewe.