Futikamba ikae mezani pamoja na mashine ya presha

Mimi ni muuguzi, na huu ni mwaka wangu wa nane kwenye kliniki ya presha hapa Tanga. Droo yangu ina futikamba ya fundi cherehani, ya manjano, ambayo namba zake zimeanza kufutika kati ya 90 na 110. Hapo ndipo vidole vyangu vinapobana kila siku, kwenye viuno vya wagonjwa.

Mwezi Januari alikuja dereva wa lori mwenye umri wa miaka 46. Mzani ulionyesha kilo 74, presha 168 kwa 104.

“Dada, mimi si mnene,” aliniambia. “Hebu itazame miguu yangu.”

Kweli, miguu ilikuwa myembamba. Nikamwomba apandishe shati, ashushe pumzi, nikaizungusha futikamba kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Sentimita 101, kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 170.

“Aa, hiki ni kitambi tu.”

Hilo neno “tu” ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu akirudi nyumbani na tumbo tunamsifu kwamba amenawiri, maisha yamemkubali. Tunadhani mafuta ni akiba iliyolala, kama magunia ghalani. Sivyo. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, huko New York, waligundua homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe, ikaitwa leptini. Kazi yake ni kuupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo, tupunguze kula. Mafuta yakizidi, leptini nayo huzidi. Ubongo huizoea taarifa ile na njaa haipungui, lakini neva huendelea kuchochewa: mishipa ya damu hubana, figo hushikilia chumvi na maji. Presha inapanda.

Mafuta hayohayo hutoa pia malighafi ya angiotensini, kemikali inayobana mishipa. Losatani tunayowapa wagonjwa wengi kazi yake ni kuizuia kemikali hiyo. Wakati huohuo, kitambi kinavyokua, hupungua homoni nyingine iitwayo adiponektini, ambayo huilinda mishipa. Mshipa unaobanwa na kukosa mlinzi kwa miaka ndio mwanzo wa kiharusi na shambulio la moyo. Tena mafuta yanayozunguka utumbo ni hatari kuliko yale ya mapajani na makalioni. Mzani hauwezi kukwambia yamekaa wapi. Unajumlisha kilo, basi.

Ndiyo maana nasema kila kliniki ipime kiuno kila inapopima presha, na namba hiyo iandikwe kwenye kadi. Wenzangu hunijibu kwamba foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Najua, foleni hiyo naihudumia mimi. Lakini kupima kiuno hakumalizi dakika moja, na futikamba haitaki umeme wala betri.

Sisemi kila presha imeletwa na kitambi. Wapo wembamba wenye presha, na kuna urithi, umri, chumvi na maradhi ya figo. Wala sisemi mtu aache dawa. Yule dereva alirudi mwezi Juni akiwa na kiuno cha sentimita 95 na presha 142 kwa 88. Vidonge vilifanya kazi yake. Naye alifanya yake: aliacha chipsi za usiku njiani, akaanza kutembea nusu saa kila jioni akishapaki lori. Aliniambia namba ya mzani hakuwahi kuijali, ila ile ya kiunoni aliiona kwa macho yake.

Nawe usingoje kliniki. Chukua kamba, mtu akupime kuanzia kisiginoni hadi utosini, uikate hapo. Ikunje katikati, kisha uizungushe kiunoni bila kubana. Ncha zikikutana, kiuno hakijapita nusu ya urefu wako, endelea kukilinda. Zisipokutana, usiseme ni kitambi tu. Nenda kapime presha wiki hii.